Unataka kufanya muvi ya mauaji ya kweli? Anza na koroboi

Kila nikiposti kipande cha kazi zetu za huku Mwanza nakuta inboksi vijana wanauliza kitu kilekile, kaka nina stori ya kweli ya mauaji yaliyotokea kwetu nataka niifanye muvi, naanzaje? Sasa najibu hapa mara moja tuachane na voisi noti. Mimi naandika skripti na kuongoza filamu fupi, na ya mwisho ilikuwa ya bibi aliyekatwa mapanga usiku kijijini, zile kesi za vikongwe wanaoitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, ambazo mtu wa Usukumani huhitaji kumwelezea. Hela tulichangishana, kwa hiyo haya ni maneno ya mtu asiye na bajeti.

Cha kwanza, panga lisionekane likishuka. Najua ndo sini unayoiota usiku, ila damu ya rangi inachekesha, peleka kwenye kibanda chochote cha video Igoma uone watu watakavyoangua kicheko. Halafu macho ya bibi yanakuwa mekundu kwa sababu ya moshi, maisha yake yote kapikia kuni na mavi ya ng'ombe, na kijiji kizima kinajua hivyo. Ukichimba mara nyingi unakuta shamba. Mjane kakalia ardhi ambayo ndugu wa marehemu mume wake wanaitaka, mtoto wa mtu kaugua, mganga kapiga ramli kasema mbaya wenu anakaa upande wa jua linakozama, na wakata mapanga wanatafutiwa pesa. Giza la muvi yako liko hapo kwenye kupatana bei. Sisi tuliweka watu wawili wanakula ugali na sato wanabishania malipo, mmoja anataka ya mwanzo kabla ya kazi, mwingine anasema mpaka pamba iuzwe, hakuna aliyepaza sauti, na kwenye maonyesho ndo sehemu iliyowanyamazisha watu.

Sasa stori unaipata wapi bila kutegemea umbea wa kijiweni? Soma hukumu. TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, wanaweka hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani bure kabisa kwenye mtandao, unaingia na bando lako unatafuta kesi za mauaji za Mwanza, Shinyanga, Geita, Tabora, nyingi ziko kwa Kiingereza lakini vumilia, mle kuna ripoti ya daktari, kuna shahidi anaeleza mlango ulivyovunjwa, jirani aliyesikia yowe akaogopa kutoka. Hakuna mwandishi wa skripti atakayekutungia vitu kama vile.

Na humo ndo nilipojifunza mambo ya laiti, yaani mwanga wa kushutia, kuliko kwenye video zozote za YouTube. Kuna hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1980 ambayo mawakili wanairudia kila kesi ya usiku, inataka kujua shahidi alimwona mtu kwa muda gani, akiwa umbali gani, mwanga ulikuwa wa namna gani, na kama alikuwa anamfahamu kabla. Sasa we fikiria, si ndo maswali ya mpiga kamera hayo? Koroboi ilikuwa wapi, juu ya kinu au chini sakafuni, mbalamwezi ilikuwepo au haikuwepo, mtoto aliyekuwa chini ya kitanda aliona miguu au aliona sura. Tukaamua kamera isione zaidi ya anachoweza kuona huyo mtoto, koroboi moja na taa ndogo ya LED tumeifunika kitambaa cha chungwa, basi. Ilituokolea hela ya jenereta, na kelele yake pia maana saundi ndo inaua filamu nyingi za hapa kwetu.

Swali hilohilo la mwanga ndo linawatoa watu jela, wengi wanashinda rufaa kwa sababu utambuzi wa usiku ulikuwa na mashaka. Kwa hiyo kama mahakama imemwachia mtu, we usimfanye muuaji kwenye muvi yako eti kwa vile mtaani wanasema ni yeye, atakushtaki kwa kumchafulia jina na atakuwa na haki yake. Kesi ikiwa bado inaendelea iache kwanza. Badili majina, kijiji, ukoo, idadi ya watoto, hadi kazi ya mtu.

Familia uende mwenyewe, usitume mtu, na usiende na kamera. Nilimwamkia mtoto wa marehemu, mzee wa makamo, shikamoo mzee, akaitika marahaba kisha akakaa kimya muda mrefu akauliza, "Mtaonyesha na kanga aliyokuwa amevaa?" Mimi kanga hata sikuwa nimeifikiria! Kwake yeye ndo ilikuwa kila kitu. Kwa hiyo ukienda usiulize tu nini kilitokea, uliza na nini hawataki kukiona.

Ukitaka kuona wengine walivyofanya tafuta Fruitvale Station ya Ryan Coogler ya mwaka 2013, filamu yake ndefu ya kwanza. Kijana Oscar Grant alipigwa risasi na polisi wa treni kule Oakland, Marekani, alfajiri ya Januari 1, 2009, lakini muda mwingi uko na ile siku yake ya mwisho, mtoto wake, besdei ya mama yake. Ya huku kwetu ni White Shadow ya mwaka huohuo, ya kijana mwenye ualbino anayewindwa, iliyoshutiwa hapahapa Tanzania ikapewa tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji kule Venice. Muhusika mkuu ni Hamisi Bazili, ambaye mwenyewe ana ualbino. Ina sehemu ngumu, usiangalie na watoto.

Vibali: Bodi ya Filamu wanataka kibali kabla ya kushuti na filamu ikaguliwe kabla ya kuionyesha, sheria yenyewe ni ya 1976. Anza kwa afisa utamaduni wa wilaya yako, atakuelekeza.

La mwisho, lokesheni za usiku. Mwambie mwenyekiti wa mtaa, mabalozi wa nyumba kumi, na kituo cha polisi cha karibu, tena siku hiyohiyo muwakumbushe, maana ukikimbiza mtu uchochoroni Mabatini saa nne usiku huku mwigizaji wako anapiga yowe watu hawatauliza kamera iko wapi, wanatoka na mawe. Panga liwe la mbao na likae kwenye begi mpaka dairekta aliite.