Maswali ya Wasomaji: Mchezo Wako wa Kwanza wa Jukwaani

Nina kisa cha ndugu wanaogombea nyumba ya urithi. Kinaanzia babu alipofariki na kuendelea kwa miaka 12. Nimejaza kurasa 40 na bado sijafika kwenye ugomvi wenyewe. Nifanyeje? — Msomaji, Tanga

Anzia kwenye ugomvi. Miaka 12 inaenea vizuri katika riwaya, lakini mtazamaji hana ukurasa wa nyuma wa kurudia. Mtafutie siku ambayo jambo haliwezi tena kuahirishwa: mnunuzi anakuja saa kumi jioni na fedha zake, kaka mkubwa anataka kuuza, dada anayeishi humo hataki kuhama. Yote yatendeke barazani, kwa wahusika watatu au wanne, ndani ya dakika 20 hadi 30. Kipimo hicho kinamtosha anayeanza, na hata kikundi kisicho na fedha kitaumudu mchezo wako.

Kabla hujampa mhusika neno la kwanza, mwandikie sentensi moja: leo anataka nini, na nani anamzuia. "Anataka heshima" haimsaidii mwigizaji, kwa sababu hajui afanye nini. "Anataka dada yake atie sahihi kabla ya saa kumi" inampa kazi: atabembeleza, atatishia, atadanganya.

Kisha orodhesha matukio manane hadi kumi yanayogeuza hali, kila moja likizaliwa na lililotangulia. Kaka anabembeleza, dada anakataa. Kwa kuwa amekataa, kaka analazimika kukiri kwamba ameshapokea malipo ya awali. Kwa kusikia hivyo, dada anaificha hati ya nyumba. Sasa jaribu kuondoa tukio moja. Kama yanayofuata hayakutetereka, tukio hilo halikuwa na kazi. Na kifo cha babu? Kitajitokeza kidogo kidogo, kila ndugu akikitaja ili amshinde mwenzake.

Walioisoma tamthilia yangu wanasema wahusika wote wanahutubia. Mazungumzo yanatengenezwaje? — Msomaji, Morogoro

Chanzo cha kwanza ni watu kuambiana wanayoyajua. "Mume wangu, kama unavyojua, tuna watoto watatu na wewe ni dereva" ni maneno anayoambiwa mtazamaji, si mume. Habari hiyo itoke kwenye madai: "Watoto watatu, na gari unalala nalo wewe!"

Chanzo cha pili ni wote kuwa na ulimi mmoja. Bibi anatumia methali, mjukuu naye methali, polisi naye methali. Mwachie mmoja tu tabia hiyo. Wengine watofautishe kwa urefu wa sentensi, kwa namna wanavyokatiza wenzao, na zaidi kwa namna wanavyoitana. Hapa Kiswahili kimetujalia utajiri ambao waandishi wapya wanauacha bure. Kijana aliyezoea kumwamkia baba yake mdogo "shikamoo" akiingia leo na kusema "habari za hapa", ugomvi umeshaanza na hakuna aliyepaza sauti. Mke aliyekuwa akisema "baba Asha" akigeuka na kusema "wewe bwana", mtazamaji amejua. Andika kwanza jinsi kila mhusika anavyomwita kila mwenzake, kisha amua ni wapi mwito utabadilika.

Epuka pia simu. Mwigizaji anayezungumza na simu anatuonyesha nusu ya mgogoro. Mlete jukwaani huyo anayepigiwa.

Shuleni kwetu tunaigiza mchana, ukumbi hauna taa wala pazia. Maelekezo ya jukwaani niyaandikeje? — Mwalimu, Kisumu

Usiandike "taa zinazimika" kwa sababu mchana hazitazimika, na wanafunzi wataonekana wakibeba viti huku hadhira ikipiga soga. Badilisha mandhari kwa wimbo mfupi unaoimbwa na wabebaji wenyewe, au andika mchezo wa mahali pamoja usiohitaji kuhamisha chochote.

Maelekezo yawe ya yanayoonekana na kusikika tu, kwenye mabano, kwa wakati uliopo. "(Anakumbuka utoto wake kwa uchungu)" haiigiziki. "(Anaokota kiatu cha mtoto. Anakirudisha.)" inaigizika. Kulia na kushoto kwa jukwaa ni kwa mwigizaji anayetazama hadhira. Kuzichanganya pande hizo hupoteza muda mwingi kwenye mazoezi. Mwigizaji anayebadili mavazi umpe angalau ukurasa mmoja wa mazungumzo ya wengine kabla hajarudi.

Nataka kuandika juu ya Vita vya Majimaji. Mapigano nitayaonyeshaje, na je, nifungwe na historia? — Msomaji, Songea

Mapigano yaache nje ya jukwaa: ngoma, mlio wa bunduki, kisha anaingia mtu mmoja aliyetoka huko. Vijana sita wenye mikuki ya miti mara nyingi huchekesha pale ulipotaka watu walie.

Kuhusu historia, mfano ulio karibu nawe ni *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa 1969. Katika utangulizi mwandishi anaeleza wazi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa. Na tazama uzito wa tamthilia hiyo ulipo: Kinjeketile, akiwa mfungwa, anatakiwa aseme kwamba maji, ile dawa iliyoaminiwa kuwakinga wapiganaji na risasi, yalikuwa uongo, naye anakataa. Mambo ya msingi, kama vita kuanza 1905 dhidi ya Wajerumani, usiyavuruge. Waliyosemezana watu faraghani yabuni, ila yalingane na hali yao.

Nitajuaje kuwa rasimu iko tayari? — Msomaji, Bujumbura

Wape watu waisome kwa sauti, kila mmoja na nafasi yake, mwingine asome maelekezo. Wewe usisome wala usifafanue. Shika saa na kalamu. Weka alama kila msomaji anapokwama na kila wasikilizaji wanapoanza kujigeuzageuza. Sentensi iliyowakwaza wasomaji wawili ikate vipande viwili. Mwishoni uliza mambo matatu: nani alitaka nini, wapi ulichoka, nini hukukielewa. Andika majibu bila kujitetea, hata kama yanakuuma. Muda uliopata ongeza kidogo, maana jukwaani watu hutembea, hukaa na hunyamaza. Baada ya usomaji huo ndipo uanze rasimu ya pili.