Taji la Plastiki Huanzia Kichwani

Watu wengi wanaoniuliza namna ya kutengeneza taji kwa plastiki iliyotupwa huanza na mapambo: maua ya chupa za soda, nyota za vizibo, vishada vya kila rangi. Mimi huwarudisha kwanza kwenye ukanda unaozunguka kichwa, kwa sababu taji la kuvaliwa litapata jasho, litainamishwa na litachezewa ngoma. Hapa Bagamoyo wavaaji wangu ni wanafunzi wa maigizo ya shule na wachezaji wa vikundi wanaotamani siku moja kupanda jukwaa la TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa mjini, na taji linaloteleza hadi machoni katikati ya wimbo halina faida kwao, liwe zuri namna gani.

Pima basi kichwa cha mvaaji kwa futi ya fundi cherehani, ukiipitisha juu kidogo ya nyusi na masikio. Watu wazima wengi huangukia kati ya sentimita 54 na 60, nawe uongeze sentimita tatu hivi za kupandanishia ncha. Chupa ya maji ya lita 1.5 ina mzunguko wa karibu sentimita 28, kwa hiyo hata vipande viwili vilivyounganishwa huenda visitoshe, na plastiki yake ni nyembamba mno kubeba mzigo. Ninachopendelea ni ndoo iliyopasuka, kwa kuwa ukuta wake ni mnene na tayari umepinda. Kata ukanda wenye upana wa sentimita tatu, ukikwepa sehemu yenye ufa. Ukikosa ndoo, dumu la mafuta ya kupikia linafaa pia, ila pembe zake zitakusumbua. Dumbukiza ukanda huo katika maji yaliyochemka, uutoe kwa koleo, uuzungushie sufuria yenye ukubwa unaokaribia kichwa, uufunge kwa kamba na kuuacha upoe hapo. Plastiki ya madumu huyeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi, kwa hiyo maji yanayochemka huilainisha tu.

Kuhusu kuchagua malighafi, nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi: situmii plastiki iliyokaa muda mrefu ufukweni. Kuisafisha pwani ni kazi njema, lakini jua huidhoofisha plastiki ikawa kavu na yenye kumeguka, na kipande kinachomeguka karibu na jicho la mtoto si pambo. Kusanya chupa za majumbani, kwenye kumbi za harusi na migahawani, ambako zimejaa tele. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa bado tunazo. Zioshe kwa sabuni, uzikaushe kivulini, na usiguse kabisa chombo kilichowahi kuwekwa dawa ya wadudu au oili ya gari.

Sasa tuje kwenye maua na majani, ambako chupa za maji na soda, zile zenye namba 1 ndani ya pembetatu chini yake, hazina mpinzani. Chupa hizi hutengenezwa kwa kuvutwa na kupulizwa ndani ya kalibu, na zikipata joto la kuanzia nyuzi 70 au 80 hujaribu kujikunyata zirudi zilivyokuwa. Tabia hiyo ndiyo inayokupa petali zilizopinda kama za ua halisi. Kata umbo lako, lishike kwa koleo, kisha lipitishe kando ya mwali wa mshumaa bila kuligusisha, ukiligeuza muda wote. Litajikunja lenyewe, na makali ya mkasi yatalainika papo hapo. Ukiona moshi, umekaribia mno. Fanyia kazi hii uani penye upepo, mtu mzima ndiye ashike mshumaa, na vipande vya mabomba ya maji usivichome kamwe, kwani plastiki yake, ile ya namba 3 (PVC), ikiungua hutoa hewa yenye tindikali inayodhuru mapafu.

Kuunganisha ndiko kunakotenganisha taji la siku moja na taji la misimu kadhaa. Gundi ya kawaida haishiki plastiki za ndoo na madumu, na ile gundi ya kuyeyusha kwa umeme hulegea taji likiachwa ndani ya gari juani. Toboa matundu kwa msumari uliopashwa moto, kisha ushone kwa mshipi wa kuvulia samaki, ambao katika mji wa wavuvi kama huu haukosekani dukani. Waya wa chuma uuepuke, kwa sababu upepo wa bahari utaushikisha kutu na kutu hiyo itachafua kitambaa; ikibidi, tumia waya wa shaba. Vizibo vishone chini, karibu na ukanda, na petali nyepesi ziende juu, la sivyo taji litaelemea mbele kila mvaaji anapoinama.

Rangi ya kupuliza hukaa vizuri kiasi kwenye chupa zilizosuguliwa kwa msasa laini, lakini kwenye dumu hubanduka mapema. Kwa maoni yangu hakuna haja nayo: dumu la njano chini ya taa za jukwaani huonekana dhahabu kwa mtazamaji aliyekaa mbali, na chupa za kijani hazihitaji msaada wa mtu.

Ndani ya ukanda shonea kipande cha kanga kuukuu kilichofunika sponji nyembamba, na ukitaka taji moja livaliwe na watu wenye vichwa tofauti, badala ya kupandanisha ncha nyuma uache nafasi ya vidole vitatu uiunganishe kwa lastiki pana. Kitambaa hicho kishikize kwa mishono mirefu inayofumuka kwa urahisi, kwa maana kitahitaji kufuliwa baada ya kila onyesho, na petali iliyovunjika utaikata mshipi wake na kushona nyingine mahali pale pale.