Kabla Hujamwita Mgonjwa Mkaidi: Nasaha kwa Wanaoanza Kuwahudumia Walioumia Ubongo

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi ya tiba ya viungo, niliandika kwenye faili la mzee mmoja wa Kibokoni neno ambalo nalijutia hadi leo: "hashirikiani". Mzee huyo alikuwa amepata kiharusi kilichomwacha amepooza mkono na mguu wa kushoto, na kila nilipomwomba ainue mkono alinijibu kwa upole kwamba ameshauinua, ilhali mkono ulikuwa umelala juu ya paja bila kutikisika. Nilipomwomba mara ya tatu alikasirika, nami nikadhani ananidharau kwa sababu ya umri wangu. Mkewe naye alikuwa na lake, kwa maana bwana aliyeyasifu mapishi yake miaka nenda miaka rudi sasa alikuwa akila nusu ya wali na kumwacha samaki mzima kando ya sahani, hata bibi akaanza kuamini kwamba amemchukia. Mwenzangu aliyenitangulia kazini ndiye aliyeigeuza sahani ile, samaki akawa upande wa kulia, na mzee akamla hadi kwenye miba huku akiuliza kwa nini wamechelewa kumletea.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi hii hapa Mombasa, iwe wadini, kliniki au majumbani mwa wagonjwa, kwa sababu naliona kosa langu likirudiwa na vijana wenye akili nzuri na moyo safi. Tunafundishwa majina ya sehemu za ubongo, tunayakariri, tunafaulu mtihani, kisha tunapokutana na mtu anayekasirika, anayelia au asiyejibu, tunayaweka majina yale kando na kumhukumu kwa maneno ya mtaani: mkaidi, mvivu, mwenye kiburi. Kusubiri zamu, kuzuia hasira na kutambua kwamba una mkono wa kushoto ni kazi za ubongo kama kulivyo kuinua mkono wenyewe, na ubongo ukiumia, kazi hizo nazo hupooza.

Hebu tumrudie mzee wangu. Nyuzi nyingi za neva zinazoamrisha misuli huvuka kwenda upande wa pili pale shina la ubongo linapokutana na uti wa mgongo, na ndiyo maana kiharusi cha nusu ya kulia ya ubongo hupoozesha upande wa kushoto wa mwili. Hilo kila mwanafunzi analijua. Linalosahaulika ni kwamba nusu hiyo ya kulia, hasa maeneo yaliyo juu na nyuma ya sikio, hubeba sehemu kubwa ya kazi ya kuelekeza uangalifu kwenye mazingira yanayotuzunguka, na yakiumia, upande wa kushoto wa dunia huweza kutoweka kwa mgonjwa ingawa macho yake ni mazima. Aliyepoteza nusu ya uoni kwa kuumia njia za macho mara nyingi hutambua kwamba kuna kitu anakikosa, akajifunza kugeuza shingo. Aliyepoteza uangalifu haoni sababu ya kugeuka, kwa kuwa kwake hakuna kilichopungua. Baadhi yao hawatambui hata kwamba mkono umepooza. Kumwambia mtu wa namna hii "jitahidi" ni kumwonea.

Kugeuza sahani humshibisha leo, lakini hakumfundishi. Bandikeni utepe mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa meza au sinia, mmzoeze kuutafuta kwa macho kabla ya kuanza kula, kusoma au kunyoa ndevu, na muwaombe watu wa nyumbani wamkumbushe kwa maneno yale yale kila siku. Asiachwe kuvuka barabara peke yake hata kama anatembea vizuri, kwa sababu tuktuk inayotokea kushoto kwake haipo mpaka imfikie.

Kiharusi cha nusu ya kushoto huleta fumbo jingine, ambalo siku hizi nalitafuta mwenyewe bila kusubiri kuambiwa. Mama mtu mzima hawezi kumwita binti yake kwa jina wala kuomba maji, lakini wakati wa sala anaisoma Alhamdu tangu mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Jamaa husema: kumbe kusema anaweza, ila hataki kusema nasi. Nimeona ndugu wakinuniana kwa ajili ya dhana hiyo. Waelezeni kwamba kutunga sentensi mpya na kurudia maneno yaliyokaririwa tangu utotoni ni kazi mbili tofauti. Mwaka 1861 Paul Broca, daktari wa Paris, aliuchunguza ubongo wa marehemu ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitamka karibu silabi moja tu, "tan", ingawa alionekana kuelewa mengi aliyoambiwa, akakuta dhara katika sehemu ya mbele ya nusu ya kushoto. Mwaka 1874 Carl Wernicke akaeleza aina nyingine, ambayo mtu husema kwa mtiririko maneno yasiyoshikamana na haelewi vizuri anayoambiwa. Dhara lake liko nyuma zaidi, karibu na eneo la kusikia. Lakini sura iliyohifadhiwa, kuhesabu moja hadi kumi, siku za wiki, nyimbo na hata matusi hutegemea mtandao mpana zaidi wa ubongo, na mara nyingi hubaki pale maneno ya kawaida yanapopotea.

Kwa hiyo msimpandishie sauti kana kwamba ni kiziwi. Mwulizeni swali moja linalojibika kwa ndiyo au siyo, kisha mnyamaze na kuhesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kulirudia. Kimya hicho humtesa anayeanza kazi, lakini mgonjwa anakihitaji. Msimwulize binti mbele ya mamake, "Je, anaelewa?", bali mwulizeni mama mwenyewe. Ulizeni pia alilelewa kwa lugha gani, maana watu wengi wa Pwani wana lugha mbili au tatu, na baada ya kiharusi lugha hizo zinaweza kurudi kwa viwango tofauti.

Wanaonielemea zaidi moyoni ni vijana walioanguka na bodaboda bila helmeti. Kijana hutoka hospitali akitembea na kuzungumza, jeraha limepona, na kila mtu anamshukuru Mungu. Miezi michache baadaye mamake anakuja peke yake, anafunga mlango, ananiambia kwamba mwanawe si yule: anawatukana wageni, anamaliza pesa za kodi kwa siku moja, anaanza kazi tatu asimalize hata moja. Kichwa kikigongwa kwa nguvu, sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso huumia kwa urahisi, na hiyo ndiyo inayozuia, inayopanga na inayopima matokeo kabla ya tendo. Madarasani mtasimuliwa habari za Phineas Gage, msimamizi wa kazi za reli huko Vermont, Marekani, ambaye tarehe 13 Septemba 1848 alipenywa na nondo yenye urefu wa zaidi ya mita 1, iliyoingia chini ya shavu la kushoto na kutokea juu ya kichwa. Aliishi, lakini daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba mtu aliyekuwa na mipango thabiti amekuwa mwenye matusi na asiyetulia kwenye uamuzi wowote. Walimu wengi huishia hapo. Naona faida kubwa zaidi kwetu iko katika yaliyofuata: Gage alikwenda Chile, akafanya kazi kwa miaka kadhaa ya kuendesha magari ya abiria ya kukokotwa na farasi, kazi yenye saa maalumu na wajibu unaojirudia. Ratiba iliyobandikwa ukutani, pesa zinazotolewa kidogo kidogo na kazi moja kwa wakati mmoja humfanyia kijana kwa nje kile ambacho ubongo wake ulikuwa ukimfanyia kwa ndani. Mama yule ahitaji ratiba hiyo kwenye karatasi kabla hajaondoka ofisini kwako.

Kuhusu kumbukumbu nitasema machache. Henry Molaison, Mmarekani aliyefanyiwa upasuaji mwaka 1953 ili kupunguza kifafa, hakuweza tena kukumbuka matukio mapya, na bado mtaalamu Brenda Milner alipomfundisha kuchora nyota akitazama kwenye kioo, mkono wake uliboreka siku hadi siku ingawa hakukumbuka kuwahi kujaribu. Mgonjwa anayesahau jina lako kila asubuhi anaweza kujifunza kuinuka kitini, mradi hatua ziwe zile zile na msizibadilishe kwa kuchoka kwenu.

Jihadharini pia na kosa la upande wa pili, la kuuona ubongo ulioumia kila mahali. Mzee aliyekuwa akielewana nanyi jana na leo amechanganyikiwa anaweza kuwa na maambukizi ya njia ya mkojo au sukari iliyoshuka, na huyo ni wa kupelekwa kwa daktari saa hiyo hiyo. Mwingine hasikii, au hakulala, au anaumwa na bega lililopooza na hana maneno ya kulieleza.

Familia nyingi zitawafikia baada ya kusomewa na shehe au kupita kwa mganga, hasa mtu anapopata kifafa au anapobadilika tabia ghafla. Msicheke wala msibishane nao. Mimi huwaomba jambo moja tu, kwamba kisomo kiende sambamba na dawa za presha au za kifafa, zisikatizwe hata siku moja, na zaidi ya mara moja shehe mwenyewe ndiye aliyenisaidia kumshawishi mzee ameze vidonge vyake.

Ama faili, andikeni mlichokiona na namna kilivyotokea. Mahali pa neno lile nililoandika mimi, ilinipasa niandike hivi: "Hakuinua mkono wa kushoto alipoombwa mara tatu. Alisema ameuinua. Alikula upande wa kulia wa sahani pekee. Sahani ilipogeuzwa, alimaliza." Daktari wa zamu atakayeisoma mistari hiyo saa nane za usiku atajua aanze kuchunguza upande gani wa ubongo kabla hajamgusa mgonjwa.