Wakala wa AI anaingiza mteja mmoja mara tatu kwenye Odoo: kazi nyingi iachie zana

Mkuu, umeuliza kwa nini wakala wako wa AI anayejibu wateja WhatsApp anaingiza mteja mtarajiwa yuleyule mara tatu kwenye CRM, yaani mfumo wa kutunza taarifa za wateja, na kwa nini watu wa mauzo wanalalamika kwamba taarifa nyingine ni za kubuni. Nasimamia mfumo wa aina hiyo kwenye duka la pampu za maji na sola hapa Dar, nasi pia CRM yetu ni Odoo. Ninavyoona, umeiachia modeli, yaani AI yenyewe inayosoma na kuandika, kazi ambazo si zake. Modeli ielewe mteja anataka nini, basi. Yaliyobaki yafanywe na zana inayoitwa na wakala, yaani msimbo ulioandika mwenyewe.

Tuanze na marudio. Chanzo cha kwanza hakihusiani na AI kabisa. WhatsApp ikipeleka ujumbe kwenye seva yako na seva isirudishe 200, yaani jibu la "nimepokea", Meta wenye WhatsApp wanautuma tena uleule. Kama seva inasubiri modeli imalize kufikiri ndipo ijibu, hapo ndipo marudio yanapozaliwa. Pokea, rudisha 200 papo hapo, kazi iendelee pembeni. Kila ujumbe una kitambulisho kinachoanza na wamid. Kihifadhi, na kikija mara ya pili usikishughulikie.

Chanzo cha pili ni namna watu wetu wanavyochati. Mteja anaanza na "Mambo", halafu "Naulizia pampu", halafu "ya kisima mita 60", na baada ya muda "nipo Chanika". Wakala asiyesubiri anaona maombi manne. Weka muda mfupi wa kusubiri: mteja akinyamaza ndipo meseji zote zisomwe kwa pamoja.

Hata hapo, usimruhusu wakala aamue kama mteja ni mpya au wa zamani. Zana itafute kwanza. Kwenye crm.lead, jedwali la Odoo la wateja watarajiwa, kuna sehemu inayoitwa phone_sanitized, inayobeba namba iliyosafishwa kwa mtindo wa +255. Tafuta hapo. Ukitafuta kwenye phone ya kawaida utamkosa mteja aliyepo, maana mtu mmoja wa mauzo kaandika 07, mwingine 2557, mwingine kaacha nafasi katikati. Ikikuta rekodi ambayo bado iko wazi, zana iongeze maelezo humo. Isipokuta, ndipo iunde mpya.

Namba yenyewe iondoe kabisa kwenye vitu vinavyojazwa na modeli. WhatsApp inakupa namba ya mtumaji ikiwa imeanza na 255 bila alama ya kujumlisha, kwa hiyo msimbo uichukue moja kwa moja. Mteja akisema apigiwe kwenye laini nyingine, hiyo iwe na sehemu yake.

Sasa taarifa za kubuni. Fungua maelezo ya zana yako, yaani orodha ya vitu ambavyo modeli inatakiwa kujaza, uone umeweka vitu vingapi kuwa vya lazima. Ukiweka jina la kampuni, barua pepe na bajeti kuwa lazima, modeli itavijaza hata kama mteja hakuvitaja. Odoo yenyewe inadai kichwa cha rekodi tu. Kwangu cha lazima ni hitaji la mteja peke yake. Mengine yote ni hiari, na kila kimoja kina sentensi hii: kama mteja hakusema, acha wazi. Ongeza pia sehemu ya maneno ya mteja kama alivyoyaandika. Watu wetu wa mauzo wanaisoma hiyo kabla ya muhtasari, na wana haki.

Chukua ujumbe huu: "Boss nina kisima mita 60 Chanika, nataka pampu ya sola, nimejipanga na milioni 2 na nusu, nipigie kesho saa nane." Rekodi nzuri ina kichwa "Pampu ya sola, kisima mita 60, Chanika", bajeti 2,500,000, barua pepe hakuna, jina hakuna. Jina la wasifu wa WhatsApp lisikudanganye. Likiwa "Mungu ni Mwema", mtu wako wa mauzo atampigia simu na kumwita hivyo?

Kwenye hiyo saa nane kuwa mkali. Modeli inaweza kuandika 08:00 wakati mteja anamaanisha 14:00. Tena Odoo inahifadhi saa kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwa hiyo miadi hiyo kwenye kalenda lazima iingie kama 11:00. Modeli ikabidhi maneno ya mteja yalivyo, hesabu ifanywe na msimbo. Akisema "saa moja" bila asubuhi wala jioni, wakala amuulize.

Jambo ambalo watu wengi hawaligusi ni jibu la zana kwa wakala. Ukirudisha neno "kosa" tupu, wakala atajaribu tena, na hicho ndicho chanzo cha tatu cha marudio. Rudisha sentensi kamili: "Mteja yupo tayari, maelezo yameongezwa kwenye rekodi yake, usiunde nyingine." Mtandao ukikatika katikati: "Haijulikani kama imeingia, tafuta kwanza."

Kuhusu usalama, mfungulie wakala akaunti yake yenye haki za mauzo tu na ufunguo wake wa API, yaani nywila ambayo programu inaitumia kuingia Odoo. Zana isiwe na uwezo wa kufuta chochote. Wateja wa mkopo wakituma picha za kitambulisho cha NIDA, zisiingie kwenye maelezo ya rekodi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na hizo ni taarifa za watu.

Kabla hujagusa msimbo, kaa na watu wa mauzo wakuambie nani anastahili kuingizwa. Anayeuliza duka liko wapi, anayetafuta kazi na anayetaka kukuuzia nyaya, wote wataandika kwenye namba ileile. Kisha chukua chati za zamani, zipitishe kwa wakala kwenye hifadhidata ya majaribio, na watu haohao wa mauzo wakague rekodi moja baada ya nyingine.

Bandika hapa maelezo ya zana yako kama yalivyo, ukiondoa ufunguo, nikuonyeshe vya kupunguza.