Studio ya nyumbani: anza na chumba, programu iwe ya mwisho

Watu wanaotaka kuanza kurekodi nyumbani karibu wote huniuliza kuhusu programu ya kompyuta ya kurekodia. Ipi ni bora, ipi inatumiwa na maprodyuza wakubwa, ipi ina plagini nyingi, yaani vijiprogramu vya kurekebisha sauti. Nami huwarudishia swali: utarekodi nini, na katika chumba gani? Nimerekodi waimbaji na wapiga gitaa chumbani kwangu kwa miaka kadhaa sasa, na sijaona kazi iliyoharibika kwa sababu ya programu. Zinazoharibika huwa zimeharibika kabla sauti haijafika kwenye kompyuta.

Fuata safari ya sauti yenyewe. Inatoka mdomoni au kwenye nyuzi, inapita hewani, inagonga kuta, inaingia kwenye maikrofoni, inapita kwenye waya hadi saundi kadi (kifaa kinachoigeuza sauti kuwa data ya kompyuta), ndipo inaingia kwenye kompyuta. Kasoro inayoingia mapema huandamana na sauti hadi mwisho wa safari. Mwangwi wa chumba ukishanaswa pamoja na sauti ya mwimbaji, hakuna plagini itakayoutoa bila kuijeruhi sauti yenyewe. Ndiyo maana fedha zako nazo zifuate mpangilio huohuo.

Basi chumba. Simama katikati, piga kofi moja la nguvu, sikiliza. Ukisikia mlio mkali unaorudi harakaharaka, hizo ni kuta mbili tupu zinazorushiana sauti. Chumba cha kulala chenye godoro, zulia, mapazia mazito na kabati lililojaa nguo kinafaa kuliko sebule kubwa yenye vigae na vioo. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hulifanya kinyume: wanatundika blanketi nyuma ya maikrofoni. Maikrofoni nyingi za kuimbia husikia zaidi upande wa mbele, maana yake zinamsikia mwimbaji pamoja na ukuta ulio nyuma yake. Blanketi zito litundikwe nyuma ya mgongo wa mwimbaji. Mgongo wa maikrofoni ndio uuelekeze kwenye kelele, iwe dirisha au kompyuta.

Trei za mayai ukutani, achana nazo. Hazizuii kelele za nje, hazimezi besi, na zinashika moto upesi. Hata sponji nyembamba zinazouzwa kwa jina la studio hupunguza makali ya juu tu. Wimbi la sauti la hezi 100 lina urefu wa karibu mita 3.4, na sponji ya sentimita mbili au tatu hailigusi. Matokeo yake ni chumba kinachosikika kimefifia juu huku besi ikiendelea kuvuma kwenye kona. Ukitaka kuweka kitu ukutani, weka kitu kinene: paneli za pamba ya mwamba za sentimita kumi, zifunikwe kwa kitambaa, chache zikiwa kwenye kona na sehemu ambako sauti hugonga kwanza. Kuzuia kelele za jirani ni kazi nyingine kabisa, ya kuta nzito na kuziba mianya. Kwa anayeanza, rahisi zaidi ni kurekodi saa ambayo mtaa umetulia.

Ukishakijua chumba chako, kuchagua maikrofoni kunakuwa kwepesi. Kuna aina mbili utakazokutana nazo mara nyingi: dainamiki na kondensa. Kondensa inahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye saundi kadi, na inasikia mambo madogo sana: pumzi, ulimi, ukucha kwenye uzi wa gitaa. Inasikia pia friji, feni na pikipiki inayopita nje. Kuna dada alikuja kurekodi akiwa na kondensa nzuri aliyoinunua kwa kusikia sifa zake. Tulipovaa hedifoni tukasikia mngurumo wa friji ya chumba cha pili kama vile imesimama kati yetu. Tukaweka dainamiki ya kawaida, akasogea karibu nayo, na mngurumo ukazama chini ya sauti yake. Ushauri wangu uko wazi: kama chumba chako hakijatulia na hakina vitu vya kumeza sauti, nunua dainamiki. Shure SM58 iko sokoni tangu 1966, na bado ni chaguo la busara kwa sauti ya mtu. Ndugu yake, SM57, inafaa sana mbele ya amplifaya ya gitaa. Kwa gitaa kavu ndani ya chumba kilichotulia, hapo ndipo ningekuambia uchukue kondensa.

Jihadhari na maikrofoni zinazotamaniwa kwa sababu zinaonekana kwenye video. Shure SM7B ni maikrofoni nzuri kweli, lakini inatoa mawimbi dhaifu na inahitaji kuongezewa geini, yaani nguvu ya kuikuza sauti, ya karibu desibeli 60. Saundi kadi nyingi za bei nafuu zikisukumwa hadi hapo zinaanza kutoa mchakacho.

Popote utakapoiweka maikrofoni yako, anza na umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, kisha isogeze kidogo pembeni ili pumzi ya herufi p na b ipite kando yake. Ukisogea karibu zaidi, besi ya sauti inaongezeka. Mwenye sauti nyembamba hunufaika, mwenye sauti nzito hugeuka matope.

Kwenye saundi kadi, matundu mawili ya kuingizia sauti yanamtosha mtu anayerekodi peke yake. Focusrite Scarlett 2i2 ni mfano mmoja, na kuna nyingine nyingi za ukubwa huo. Kagua iwe na tundu la XLR (la waya wa maikrofoni wenye pini tatu) lenye volti 48, tundu linalopokea gitaa la umeme moja kwa moja, na kitufe cha kumwezesha mwimbaji kujisikia bila sauti kuzungukia kwenye kompyuta. Kama unatumia Windows, hakikisha mtengenezaji anatoa draiva yake ya ASIO, ile inayopunguza ucheleweshaji wa sauti. Kwenye mpangilio wa programu, rekodi kwa biti 24 (kipimo cha undani wa rekodi), na uache vilele vya sauti viguse karibu desibeli −12; sifuri ndio ukomo ambapo sauti hupasuka. Sioni sababu ya kusukuma hadi sifuri: kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, biti 24 zina nafasi ya karibu desibeli 144 kinadharia, dhidi ya 96 za biti 16, na sauti iliyopasuka kwa kuzidisha haitengenezeki vizuri.

Hedifoni ziwe za kufunika sikio na zilizofungwa nyuma, la sivyo muziki anaousikia mwimbaji utavujia kwenye maikrofoni. Spika za studio zinaweza kusubiri. Ndani ya chumba kidogo kisichotibiwa zitakudanganya kuhusu besi, na hedifoni nzuri nazo zitakudanganya kidogo, lakini angalau zitakudanganya kwa namna ileile kila siku, na sikio litazizoea.

Kompyuta si lazima iwe ya ajabu. RAM ya GB 8 inaanzisha kazi, 16 inakupa nafasi ya kupumua, na diski ya SSD inasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Sasa programu. Reaper inakupa siku 60 za majaribio ukiwa na kila kitu, nayo ni nyepesi hata kwenye kompyuta ya zamani. Ndiyo ninayompa anayeanza kwenye Windows. Mwenye kompyuta ya Apple aanze na GarageBand, haina gharama na inatosha kwa muda mrefu. Audacity ni ya bure na ni nzuri kwa mahojiano na sauti za kusomwa, ila kumiksi wimbo wenye traki nyingi ndani yake kunachosha. Anayetengeneza midundo atafurahia FL Studio, lakini ajue mapema kwamba toleo la majaribio halifungui tena kazi uliyohifadhi mpaka ulinunue. Kati ya programu hizi, ninayoipendelea kwako ni ile anayoitumia rafiki unayeweza kumpigia simu usiku ukikwama.

Yoyote utakayochagua, jifunze mapema mpangilio wa bafa, yaani idadi ya sampuli (vipande vidogo vya sauti) ambazo kompyuta hukusanya kabla ya kuzishughulikia. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 128 ni kama milisekunde 3. Ya 1,024 ni kama 23, na mwimbaji anaanza kujisikia amechelewa. Weka ndogo wakati wa kurekodi, kubwa wakati wa kumiksi. Plagini za kulipia usiziguse kwanza. Ikwalaiza (ya kurekebisha besi na makali), kompresa (ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo) na riva (ya kuongeza mwangwi) zilizokuja na programu yako zinafanya kazi halali, na hutajua unachokosa mpaka uzizoee.

Fedha ikibaki, nunua stendi nzito isiyoinama taratibu katikati ya wimbo, kichujio cha pumzi, waya wa XLR wa akiba, na diski ya nje ya kuhifadhia nakala ya kila kazi. Maikrofoni ya pili ije baada ya hivyo.