Daftari likisahaulika, usilipeleke kwa bodaboda

Makundi ya WhatsApp ya wazazi yamelemaza watoto wa darasa la tano na la sita. Mtoto haandiki kazi aliyopewa kwa sababu anajua mama atauliza kundini na picha itatumwa. Anza kurekebisha hapo. Mnunulie kijidaftari kikae mfuko wa mbele wa begi. Kila somo aandike ukurasa, namba za maswali na siku ya kukusanya. Kikague kila jioni kwa wiki mbili, halafu iwe Jumatano na Ijumaa tu. Ukiendelea kukagua kila siku, kumbukumbu inabaki yako.

Kipimo kinachotumika sana Marekani ni dakika 10 kwa kila darasa: la tano dakika 50, la sita saa nzima. Kwa mtoto wa Mbagala au Gongo la Mboto, Dar es Salaam, anayefika nyumbani saa 12 jioni kwa foleni, hicho ni kikomo, na kazi ya tuisheni ihesabiwe humo humo. Aoge, ale, aanze saa 1 usiku. Saa 2 ikifika na kazi haijaisha, andika pembeni "ameishia swali la 7" na utie saini. Hilo linamsaidia mwalimu kuliko daftari lililojazwa na dada. (Taa ya kuchaji ichajiwe mchana. Umeme wetu mnaujua.)

Akikwama, usishike kalamu. Tuseme 2/3 + 1/4 kaandika 3/7. Usifute. Muulize: 3/7 imefika nusu? Na 2/3 je? Akiona kajumlisha halafu jibu limepungua, wengi hurudi wenyewe kutafuta asili (namba ya chini) inayofanana, 8/12 + 3/12, wakapata 11/12. Asipoona, aweke alama ya kuuliza alale. Jibu sahihi la mzazi humfanya mwalimu aamini mada imeeleweka, na kesho anasonga mbele.

Begi lipangwe usiku, na apange yeye. Gari la shule likipiga honi saa 11:30 alfajiri hakuna anayetafuta rula. Daftari likibaki mezani, libaki, akajieleze mwenyewe. Ila kama shuleni kwao kusahau daftari ni fimbo, onana kwanza na mwalimu wa darasa, mkubaliane kwamba atakayesahau ataifanya kazi hiyo wakati wa mapumziko.