Barua kwa mwanangu: zipu ni bei gani?

Kisumu, Jumapili jioni

Mwanangu Atieno,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nimezima redio. Unasema ni miezi saba tangu upewe cheo cha mkuu wa usanifu wa ile programu ya simu ya kukopesha watu, na bado mkutanoni wanakuuliza habari za rangi tu. Ukiwaambia ule ukurasa wa mkopo unawaficha watu gharama mpaka wawe wameshabonyeza "kubali", wanakutazama kama mhubiri aliyepanda matatu. Halafu ukaniuliza, "Mama, wewe ulifanyaje wakakusikiliza?"

Nilicheka, maana mimi sikusikilizwa. Angalau si mara ile ya kwanza.

Unaikumbuka ile karakana ya sare za shule nilikokuwa nikisimamia mafundi, wewe ukiwa darasa la tatu. Januari moja alikuja mama na kijana wake wa chekechea, na kaptura imelowa ndani ya mfuko wa plastiki. Kaptura ilikuwa mpya. Zipu nzima, kulabu ya kiunoni nzima, mshono umenyooka. Mama mtu akamvisha nyingine ya aina ileile palepale kwenye kaunta, akaniambia, "Mwambie aifungue." Yule mtoto akashika kulabu, akavuta, akainama kuitazama, akavuta tena huku ameuma ulimi. Haikufunguka. Nikaelewa kilichompata njiani kwenda chooni.

Siku hiyohiyo nilimwendea mwenye karakana. Nikamweleza aibu ya yule mtoto, wenzake walivyomcheka, na sauti ikanitetemeka. Mzee aliniacha niseme mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Mama Atieno, una roho nzuri sana," akarudi kwenye simu yake. Mwenye pesa akikuambia una roho nzuri, jua ameshakukatalia.

Nilikasirika wiki nzima. Baadaye nikajiuliza: angeniuliza zipu moja ni bei gani, ningemjibu nini? Sikuwa najua. Nilisimamia mafundi tisa na sikujua zipu ni bei gani.

Nikanunua daftari. Muhula mzima nikaandika kila nguo iliyorudishwa: saizi, kilichoharibika, fundi alitumia dakika ngapi kuirekebisha. Kaptura ndogo ndizo zilizorudi kuliko nguo nyingine yoyote, kwa sababu mtoto asiyeweza kufungua zipu huing'oa. Na matengenezo hayo hatukuwa tukilipwa. Fundi anayefumua zipu leo hashoni nguo ya kuuza leo. Nikapiga hesabu ya lastiki pia. Ikawa nafuu kuliko zipu, kulabu na kifungo, na kaptura ya lastiki inamalizika haraka.

Muhula wa pili nikarudi kwake na daftari na kaptura mbili. Aibu sikuitaja hata kidogo. Aliniuliza maswali matatu, yote ya pesa, nikayajibu bila kufungua daftari. Akasema, "Shona 40 tuone." Nimewahi kujiuliza kama nilimsaliti yule mtoto kwa kutomtaja. Sidhani. Mwaka uliofuata wadogo zake walivaa lastiki.

Halafu nikaharibu. Nilitaka sketi ziwe na pindo la inchi tatu, ili msichana akirefuka mzazi alishushe tu, asinunue nyingine. Nikamhakikishia mzee kwamba kitambaa hakitaongezeka. Tulipotandika pateni mezani, kikaongezeka. Nilimwendea kabla hajaona risiti, nikamwambia hesabu yangu ilikuwa mbovu. Alifoka mpaka mafundi wakasimamisha cherehani. Lakini ni baada ya siku ile ndipo alianza kuniita kabla ya kuagiza kitambaa. Mshonaji anayeitwa kitambaa kikiwa kimeshakatwa ameitwa kupiga pasi. Nawe sasa hivi, mwanangu, wanakuita kupiga pasi.

Kwa hiyo nami nakuuliza. Simu moja ya malalamiko kuhusu ukurasa huo inaigharimu kampuni shilingi ngapi? Wangapi hulipa mkopo wa kwanza kisha hawarudi tena? Mkuu wenu wa fedha anaulizwa nini na waliomwajiri kila mwisho wa mwezi? Kama hujui, kanywe naye chai, na siku hiyo usimwombe kitu. Kakae pia na wale vijana wanaopokea simu za wateja; hao wana daftari lako tayari, ila hakuna aliyewahi kuwauliza.

Wewe ndiye uliyenisimulia kwamba M-Pesa ilipojaribiwa 2005 ilikuwa njia ya kulipia mikopo midogo, watu wakaanza kuitumia kutumiana pesa wao kwa wao, na ilipozinduliwa 2007 ikaja kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Wakubwa hawakuifuata njia hiyo kwa huruma tu. Mtu aliwaonyesha wanachofanya watu, nao wakaona biashara humo.

Kuhusu kanuni za Benki Kuu za 2022 kwa wanaokopesha kidijitali: najua zinataka mkopaji aelezwe gharama, na najua unatamani kuzigonga mezani. Ziweke mfukoni kwanza. Ukimtisha mtu kwa sheria ataandika gharama, sawa, kwa herufi za ukubwa wa chawa.

Kuna jambo jingine nisilotaka kukuficha. Iko siku hesabu itasema kuficha kunalipa. Mimi ilinifika mzee alipoleta marobota ya kitambaa cha bei ya chini, kikioshwa kinachuja rangi. Shule ilikuwa imeshaagiza, wazazi hawakuwa na pengine pa kununua, pesa zote zilikuwa upande wake. Nikamwambia sitawapa mafundi wangu kitambaa kile wakikate. Sikuwa na daftari siku hiyo, nilikuwa na miaka minne ya kutomdanganya. Alinyamaza muda mrefu, kisha akamwita dereva ayarudishe. Ningekuwa nimeimaliza imani yake kwa kugombania rangi ya vifungo, angenifukuza. Nawe usigombane nao juu ya vitufe.

Yule jirani yangu anayeuza omena pale ufukweni Dunga amechukua mkopo kwa programu yenu. Nilimwomba anionyeshe. Kioo cha simu yake kimepasuka upande wa chini, palepale mnapoandika gharama, na hizo herufi mjukuu wake ndiye humsomea akitoka shule. Mkopo aliuchukua asubuhi, mjukuu akiwa darasani.

Mlete huyo mkuu wa fedha Jumamosi. Mfike mapema, mashua zikiingia, kabla huyu mama hajaanza kuanika omena. Nimeshamwambia kuna wageni. Mwache mgeni wako aombe mwenyewe kuiona simu, wewe kaa kando na mimi. Na mwambie asivae viatu vyake vya ofisini, kule chini kuna matope.

Mamako